Rola Tatu Zilizokataa Kutii Waya Wangu

Kwa: Bwana Mkwe, Mwenye Karakana ya Kukunja Mabomba, Ghorofa ya Chini.

Kutoka: Baba mkwe wako, Ghorofa ya Juu.

Kupitia: Binti yangu, ambaye pia ni mkeo, na ambaye anaombwa aishike bahasha hii kwa mikono mikavu.

Nakala: Mke wangu, aipitie kabla haijashuka.

YAH: UKAIDI WA MASHINE YAKO, NA TAO LA LANGO LA MAREHEMU BABA YANGU

Bwana Mkwe,

Pokea salamu zangu za heshima. Najua kwamba kati ya meza yangu na benchi lako kuna vidato kumi na vinne tu vya ngazi, na kwamba jana tulikula pamoja ukanisogezea chumvi kabla sijaiomba. Lakini kuna mambo ambayo mtu hawezi kumweleza mkwe wake ana kwa ana bila mmoja wao kutazama sakafu, na mimi kwa umri huu nikitazama sakafu kwa muda mrefu shingo inagoma kurudi. Kwa hiyo nimechukua karatasi.

Nianze na yale unayoyajua, ili faili likamilike. Dada yangu mkubwa anafika Jumamosi ya wiki ijayo. Ana miaka themanini na mitatu. Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa miaka arobaini na mmoja iliyopita, asubuhi tuliyoondoka nyumbani: mimi na mke wangu tukapanda lori lililokwenda upande mmoja, yeye akapanda lililokwenda upande mwingine, na kila mmoja akadhani ni kwa wiki mbili. Macho yake sasa yamechoka. Anasema haoni tena nyuso, anaona maumbo tu: huu ni mlango, huyu ni mtu, ile ni meza. Ndiyo sababu nilikuomba uweke juu ya mlango wetu wa mbele tao la bomba, mfano wa lile lililokuwa juu ya lango la baba yetu, ili akishuka kwenye gari aone umbo moja analolijua kabla hajaanza kuuliza sisi ni akina nani.

Ombi lilikuwa dogo. Hata kipimo nilikupa. Asubuhi ile ya kuondoka nilisimama mbele ya lango, nikanyoosha mkono, nikafunga jicho moja, nikaukunja waya laini polepole mpaka ukalifunika tao lote, pasibaki chuma kinachochungulia juu wala chini. Nikautia mfukoni. Waya huo nimeutunza mpaka leo ndani ya kitambaa, kwenye droo ya kitanda, na nimeutoa mara nyingi kuliko nilivyotoa picha ya harusi yetu. Mwezi uliopita nilikukabidhi wewe, mtu wa kwanza nje ya chumba changu kuushika. Kila inchi ya waya ni inchi tano za lango. Hakuna hesabu iliyo rahisi zaidi ya hiyo.

Matokeo yake ni wiki tatu za aibu, ambazo sasa nazipanga kwa namba.

1. Kuhusu tabia ya bomba kurudi.

Nimekaa kwenye karakana yako, juu ya kopo la rangi, nikatazama kwa makini. Nilisahihisha chapa za vitabu vya watu wengine kwa miaka thelathini na miwili, na kazi hiyo humfundisha mtu kutazama kitu mpaka kikiri. Mashine yako ina rola tatu. Mbili ziko chini, zinazungushwa na mota. Ya tatu iko juu, katikati yao, na inasukumwa chini kwa skrubu yenye gurudumu. Bomba linapita kati yao likienda na kurudi, na kila safari wewe unazungusha gurudumu robo mzunguko, na bomba linakubali kupinda kidogo. Mpaka hapo sina ugomvi.

Ugomvi ni kwamba ukilegeza skrubu, bomba linarudi. Halirudi lote, linarudi kidogo: vidole viwili, vitatu. Nilikuuliza kwa upole kwa nini unalivumilia jambo hilo katika nyumba yenye watoto. Ukanieleza kwamba chuma chote ndivyo kilivyo, na kwamba fundi mwenye akili hulikunja bomba kupita kiasi, ili likisharudi liangukie pale alipopataka tangu mwanzo.

Bwana Mkwe, huo ni udanganyifu. Unaliambia bomba pinda mpaka huku, kumbe unataka lipinde mpaka kule. Na zaidi ya udanganyifu, kuna dharau ndani yake. Mimi nimekunjwa miaka arobaini na mmoja, kwa skrubu ambazo sikuzizungusha, na hakuna aliyewahi kuilegeza hata moja ili nirudi vidole viwili. Halafu bomba la inchi moja na nusu, lililonunuliwa Jumanne, linakunjwa kwa nusu saa na kupewa ruhusa ya kurudi kwa sababu eti ndivyo lilivyo. Naomba ruhusa hiyo ifutwe.

2. Kuhusu ubaguzi dhidi ya miisho.

Mtu yeyote akiutazama waya wangu ataona kwamba kila mwisho umejikunja kidogo, kama kidole kinachomwita mtu chemba. Hiyo ni nakshi ya lango letu. Ilikuwa pale kabla hujazaliwa. Lakini mashine yako haiwezi kuikunja miisho. Umenionyesha mwenyewe: bomba likifika ukingoni haliko tena juu ya rola zote mbili za chini, kwa hiyo halina pa kushikilia, na shibiri nzima kila upande inatoka imenyooka kama ilivyoingia. Yaani mashine inashughulika na katikati, na walioko pembeni inawaacha walivyo. Nimewahi kuishi chini ya serikali za aina hiyo. Sikutegemea kuikuta chini ya chumba changu cha kulala.

Fundi wenu wa kuchomelea, yule mama mnayemwita Miwani, alipendekeza akunje vipande viwili vidogo pembeni kwa moto, kisha avichomelee miishoni. Alipendekeza kwa adabu, na miwani yake aliipandisha kichwani kwanza. Nilikataa. Waya wangu ni kitu kimoja kuanzia mwisho hadi mwisho, na tao la baba yangu vilevile.

3. Kuhusu kile kituo cha katikati.

Waya wangu, ukifika kileleni, unatulia kidogo. Hauendelei kupinda, unanyooka kwa upana wa vidole vinne, kisha unashuka tena. Umri umenifanya nielewe maana yake: hapo ndipo baba alipotaka kutundika taa. Ni jambo la mtu mwenye mawazo ya mbele. Sikumbuki taa yenyewe, lakini kituo chake ninacho mkononi.

Nilikuomba uweke kituo hicho. Kwanza ukaguna. Kisha, nakiri, ulijaribu. Bomba la pili ulilipitisha, na lilipofika katikati ukalegeza skrubu, likapita limenyooka, ukakaza tena. Ulikaza kwa haraka kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yako nikipumua. Upande wa ndani likafanya makunyanzi kama kiwiko cha sweta. Ukasema tulijaze mchanga lisibonyee. Mchanga ulikuja kwenye ndoo ya mke wangu, ile ya zamani yenye mkono wa kamba, ukachekechwa, ukakaushwa juani, ukamiminwa ndani ya bomba la tatu huku Miwani akiligongagonga lishibe, na miisho ikazibwa kwa vizibo vya mbao. Bomba la tatu halikufanya makunyanzi. Lilitoka na umbo la shingo ya bata aliyesikia jina lake.

Muuza viatu wa mtaa wa pili ameshauliza kama linauzwa. Anataka kulitundikia kandambili. Nalitaja hilo ili ujue kiwango cha uharibifu kilipofika.

4. Kuhusu maneno yaliyotamkwa.

Siku ya shingo ya bata, ulizima mota, ukafuta mikono kwa lile tambara lako ambalo ni chafu kuliko mikono, ukauchukua waya wangu ukauweka juu ya benchi. Ukaupima kwa bikari. Ukaupima tena. Kisha ukasema, na Miwani ni shahidi: “Baba, mashine hii inajua duara tu. Huu waya haukutoka kwenye tao la rola. Sijui ulikuwa nini, lakini lango haukuwa.”

Nilipanda ngazi. Nilipofika juu nilikuwa na majibu sita, yote mazuri, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Mkeo alikuja baadaye kunituliza. Aliniambia, “Baba, bomba si mwanafunzi wako, na mume wangu si bomba.” Sentensi hiyo nimeikagua na haina kosa, lakini sikufurahishwa nayo.

Kumwambia mtu aliyepoteza nyumba, mtaa, rafu mbili za vitabu na dada kwamba hata waya wake si wenyewe, Bwana Mkwe, ni jambo ambalo hata ofisi za uhamiaji hazijawahi kunifanyia. Wao walitilia shaka jina langu, umri wangu na siku moja hata jinsia yangu. Waya waliupitisha.

5. Lalamiko hili lilihusu redio ya karakana. Nimeliondoa. Tangu juzi najikuta nauimba ule wimbo wao.

6. Kuhusu bomba la kwanza.

Hili nimelichelewesha kwa makusudi, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Kabla hujaushika waya wangu, siku ya kwanza kabisa, ulilipitisha bomba moja ili kuipasha mashine moto. Uliniuliza tu lango lilikuwa na upana gani, nikakwambia hatua mbili za baba yangu. Ukauliza kimo, nikakwambia dada alikuwa akinyoosha mkono, ncha ya kidole cha kati inagusa. Ukapiga mluzi. Ukaenda na kurudi mara kumi na moja, nilihesabu, mshono wa bomba ukiwa umeuweka ubavuni ili usivutwe wala usibanwe. Ukalitoa, ukaliegemeza ukutani karibu na mlango, ambako jua la saa kumi huingia, na ukaenda kunywa maji.

Nilikuwa peke yangu. Niliinua macho, na mbele yangu palikuwa na lango letu. Ilinibidi nikae kwenye ngazi ya karakana, kidato cha kwanza, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni kutoka nyuma. Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia hata bawaba zake zikilia.

Kisha nikautoa waya wangu mfukoni, nikaunyoosha mbele ya jicho moja, na haukulingana. Bomba halikuwa na vikunjo miishoni. Halikuwa na kituo cha taa. Lilikuwa duara tupu, lenye shibiri moja iliyonyooka kila upande. Kwa hiyo ninalalamika rasmi kwamba mashine yako, bila idhini na bila kipimo, ilitengeneza kitu kinachofanana na kwetu ilhali si kweli, na kumsababishia mzee kukaa chini mahali penye mafuta. Suruali imeoshwa mara mbili na doa bado lipo.

Baada ya malalamiko hayo, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Alhamisi:

Rola ya juu isimamishwe kazi kwa siku kumi na nne, bila kupakwa grisi. Baada ya hapo ibadilishane nafasi na mojawapo ya zile za chini, ili ijue kubebeshwa mzigo kukoje.

Wewe mwenyewe uuandikie waya wangu barua ya radhi, ukurasa mmoja unatosha, nami nitausomea.

Yakishindikana hayo, nitalazimika kumwita binti yangu arudi ghorofa ya juu mpaka bomba litii. Natambua kwamba ndoa hii ina miaka kumi na tisa na watoto mapacha wanaovaa viatu vikubwa kuliko vyangu. Natambua pia kwamba nilipomweleza wazo hili aliniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Lakini kanuni ni kanuni, na kitanda chake cha usichana bado kipo, ingawa kimejaa vitabu.

Na hilo nalo likishindikana, hapa siandiki kwa mzaha, nitampigia simu dada yangu asije. Nitamwambia nyumba inakarabatiwa. Heri abaki anakoishi, akiwa na lango lake kichwani likiwa zima, kuliko asafiri siku mbili na magoti yale, ashuke kwenye gari, anyanyue uso, aone umbo asilolijua, anipe mkono kama mgeni. Sina nguvu ya kufika ugenini kwa mara ya tatu, safari hii nikiwa nimesimama mlangoni mwangu mwenyewe.

Nisalimie mapacha, na uwaambie bomba lenye makunyanzi si goli. Msalimie Miwani, ambaye simdai lolote. Salimia mota, ambayo katika suala hili imekuwa ikifuata amri tu. Mkeo nitamsalimia mwenyewe atakapokuja kuchukua bahasha.

Ni mimi, mwenye kukuheshimu hata nikiwa nimekasirika,

Baba mkwe wako, wa Juu.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa imekamilika saa tano asubuhi, nikaikabidhi nakala kwa mke wangu kama ilivyo desturi ya nyumba hii, sijawahi kutoa karatasi nje bila yeye kuipitia. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika lalamiko la tatu akavuta kiti. Alipomaliza hakurekebisha hata koma moja, jambo lililonitia wasiwasi.

Akaenda jikoni akarudi na ile ndoo yenye mkono wa kamba, bado na punje za mchanga wako ndani. Akaikata kamba kwa kisu. Akaomba waya wangu, nikampa, kwa kuwa sijawahi kumnyima kitu anachokiomba kwa sauti ile. Akakitia kikunjo kimoja kwenye sikio moja la ndoo, na kikunjo cha pili kwenye sikio la pili. Viliingia kama vitu vilivyozaliwa humo. Kisha akaiinua ndoo kwa kile kituo cha taa, na vidole vyake vinne vikajaa pale bila kubakisha nafasi.

Aliniambia: “Waya wako ulibaki kwenye lori tulipohama mara ya pili. Ulitafuta siku tatu, huli. Nikang'oa mkono wa ndoo nikauweka kwenye kitambaa. Nilijua utagundua siku hiyohiyo. Hukugundua. Ukala, ukalala.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Akasema alikuwa akisubiri niulize.

Nilitaka kuichana barua. Amekataa. Anasema ishuke ngazi kama ilivyo, pamoja na namba zake zote, ili mkwe wangu ajue ni kiasi gani nilikuwa na uhakika. Kwa hiyo maombi yangu yote mawili yafutwe, pamoja na vitisho vyake. Rola ya juu ipakwe grisi. Binti yangu akae aliko. Kitanda kina vitabu. Dada yangu nimeshazungumza naye mchana huu: anakuja, na anauliza kama nimenenepa, kwa sababu anataka kujua atafute umbo gani.

Bomba la kwanza, lililoegemea ukutani, lifungwe juu ya mlango Ijumaa. Usilipake rangi nzito. Na zile shibiri mbili za miishoni zilizonyooka, nakuomba sana usizikate. Tangu waya ule urudi kwenye ndoo yake nimeanza kuliona lango bila msaada, na nakumbuka sasa: ndizo zilizokuwa zimezama ndani ya nguzo.